Kitabu cha Matukio

Saa tisa na robo usiku. Geti salama.
Msumari amezunguka mara kumi na nne,
zote kushoto,
kama ngamia wa kinu cha ufuta,
kisha akagonga kichwa kwenye ukuta
alioulinda miaka saba.

Ndivyo nilivyoandika. Kitabu cha zamu
hakina safu ya huzuni.
Kina tarehe, saa, tukio, sahihi.

Tajiri yuko ng'ambo. Alijibu kwa ujumbe:
Mbwa ni mbwa. Nunua mwingine.

Athumani wa bajaji hagusi mbwa,
lakini alitandika turubai kiti cha nyuma
akatuendesha toka Mbweni hadi Tegeta
akikwepa mashimo kama kapakia mayai.
Jioni akaliosha turubai mara saba,
moja kwa udongo,
na nauli akaikataa.
Safari ya pili hakungoja nimwite.

Daktari Tumsifu akaitundika picha kwenye mwanga.
"Hapa," akasema.
Doa, ukubwa wa korosho,
mahali ambapo, nadhani mimi, mbwa huhifadhi
harufu ya kila mtu aliyewahi kumfungulia mlango.

Akanieleza, nikaelewa upesi, maana ndiyo kazi yangu:
mwili una walinzi wake,
humkagua kila apitaye.
Mwizi huyu hakuruka ukuta.
Kazaliwa humo humo ndani, kavaa sare,
anawapigia saluti, nao wanaitikia.
Nilitaka kusema kikulacho,
nikaimeza. Methali hiyo hata yeye anaijua.

"Tutakata kipande chake, tukiue,
tuwaonyeshe walinzi maiti:
sura hii mkiiona tena, msifungue."
"Atapona?"
"Sijui. Ningejua, lisingeitwa jaribio."

Fomu ina kurasa sita. Malipo hakuna.
Penye sahihi ya mgonjwa nikaweka yangu.
Mbwa haulizwi.
Mbwa huutazama mkono wako tu,
aone unakuja na nini.

Ukurasa wa nne ulisema yatakayoonekana kwake
huenda siku moja yakawafaa watu.
Hapo nilikwama.
Mwaka ule dada yangu Sikudhani alipolisahau
jina la kijiko,
kisha la mwanawe,
kisha njia ya kutoka chumbani kwake,
hapakuwa na fomu.
Palikuwa na panadoli, maombi,
na feni ya wodini iliyozunguka pale tu ilipotaka.

Basi wewe Msumari umetangulizwa,
au umetumwa, sijui lipi kati ya hayo.
Usinisamehe haraka.

Sindano, Alhamisi moja ndiyo, moja siyo.
Wiki ya tano umeme ulikatika Tegeta nzima,
jenereta likakohoa likafa,
na daktari akatoka mbio na koti lake jeupe
kununua barafu kwa mama muuza juisi ya ukwaju,
dawa akaipakata kwenye ndoo.
Usiku ule homa ikampanda.
"Homa si mbaya," aliniambia kwa simu,
"walinzi wameamka."
Nikakaa naye sakafuni na kitambaa cha maji,
sikio langu ubavuni pake,
nikisikiliza lindo ambalo silioni,
vijana wasio na tochi wala rungu
wakiulizana gizani, wewe ni nani, wewe ni nani.

Sina la kujivunia. Daktari ana mbwa tisa kwenye orodha,
wanne wameshazikwa.
Hunitajia majina yao kila nikifika,
kana kwamba mimi pia natakiwa kuyaandika.
Nimeyaandika, ukurasa wa nyuma.

Saa kumi kasorobo. Geti salama.
Papai limeanguka kwa jirani. Hakubweka.
Amesimama, akanusa hewa, akazunguka mara tatu:
kushoto,
kushoto,
kulia.

Kesho ataniuliza kama nina uhakika.
Nitamwambia kulikuwa na mbalamwezi,
na mimi nalipwa kwa kutolala.

Sahihi: Mpangala, zamu ya usiku.